Pete na Majirani Zake: Kemia ya Umeme ya Elektrodi Zilizovikwa Porfirini za Metali

Elektrodi tupu na kikomo chake

Elektrodi ni kipande cha metali au kaboni kinachochovywa kwenye myeyusho ili elektroni zipate pa kuvukia: kutoka kwenye waya kwenda kwenye molekuli, au kutoka kwenye molekuli kurudi kwenye waya. Volteji ndiyo msukumo wa elektroni hizo, na mkondo ndio hesabu ya zile zinazovuka kila sekunde. Molekuli inayonyang'anywa elektroni huitwa iliyooksidishwa. Kinyume chake ni molekuli inayopewa elektroni.

Kwa molekuli nyingi, msukumo peke yake hautoshi. Oksijeni ni mfano mzuri. Kwa hesabu ya nishati, oksijeni iliyo kwenye asidi ingepaswa kuanza kupokea elektroni na kuwa maji katika volti 1.23, ikipimwa dhidi ya elektrodi ya haidrojeni. Ikikutanishwa na kaboni tupu, karibu hakuna kinachotokea mpaka volteji ishushwe chini sana ya hapo. Pengo kati ya volteji ya hesabu na volteji inayohitajika kweli ni hasara, na ndani ya seli ya fueli, yaani kifaa kinachogeuza fueli kuwa umeme, hasara hiyo hutoka kama joto. Platini hupunguza pengo, lakini ni metali adimu na ghali, na sehemu kubwa ya platini ya dunia hutoka katika miamba ya nchi moja, Afrika Kusini.

Kaboni tupu ina udhaifu mwingine: haichagui. Katika tone la damu au la juisi ya matunda, molekuli nyingi huoksidishwa katika volteji zinazokaribiana, na mkondo unaosomwa huwa mchanganyiko wa sauti za wengi. Dawa ya udhaifu wote wawili ni kuivika elektrodi tabaka la molekuli zenye kazi maalumu. Mwaka 1975 Royce Murray na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walieleza jinsi ya kufunga molekuli juu ya elektrodi kwa vifungo vya kemia, na uwanja mzima ukakua kutokana na kazi za aina hiyo. Elektrodi hubaki kuwa njia ya umeme, na vazi hufanya kazi ya kemia. Miongoni mwa mavazi yaliyochunguzwa sana ni porfirini za metali.

Pete ya piroli nne

Porfirini ni pete bapa. Hujengwa kwa piroli nne, kila piroli ikiwa kipete cha kaboni nne na nitrojeni moja, na piroli hizo huunganishwa kwa kaboni nne, moja katika kila kiungo. Katikati hubaki tundu ambamo nitrojeni nne hutazamana. Ioni ya metali ikiingia kwenye tundu hilo hushikwa na nitrojeni zote nne, kama jiko linaloshika sufuria kwa mafiga, ila hapa mafiga ni manne. Pembeni metali imebanwa, lakini juu na chini ya pete bado ina nafasi mbili zilizo wazi. Karibu kemia yote inayosimuliwa hapa hutokea katika nafasi hizo mbili.

Mzunguko wa elektroni 18 zinazoshirikiwa na pete nzima huipa porfirini uthabiti na rangi kali. Mwaka 1883 Mswisi Jacques-Louis Soret aliona katika damu mstari mzito wa ufyonzaji wa mwanga karibu na nanomita 400, na mstari huo bado unaitwa kwa jina lake. Jina porfirini lenyewe linatokana na neno la Kigiriki la rangi ya zambarau.

Maumbile yameitumia pete hii kwa kazi zisizofanana kwa kubadilisha kilicho katikati na kilicho pembeni. Chuma kikiwa katikati, pete huitwa hemu: katika hemoglobini hubeba oksijeni bila kuivunja, na katika kimeng'enya cha mwisho cha upumuaji wa seli huivunja oksijeni kabisa na kuifanya maji. Magnesi ikiwa katikati ya pete iliyobadilishwa kidogo, hupatikana klorofili ya majani. Kobalti ikiwa katikati ya pete ya jamaa, iliyopungukiwa kiungo kimoja, hupatikana vitamini B12. Hemu ya hemoglobini na hemu ya kimeng'enya cha upumuaji zinakaribiana sana kwa umbo, na zote zina chuma. Kinachozitenganisha ni protini inayozizunguka. Wanakemia wa elektrodi wamejifunza somo hilo hilo kwa njia yao: pete na metali huweka uwezekano, na majirani huamua matokeo.

Mjerumani Hans Fischer aliijenga hemini, yaani hemu yenye kloridi, mwaka 1929 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka uliofuata. Kwa elektrodi, hata hivyo, porfirini inayotumika zaidi haitokani na damu. Mwaka 1935 Paul Rothemund alionyesha kwamba piroli na aldehaidi hujipanga zenyewe kuwa pete, na mwaka 1967 Alan Adler, Frederick Longo na wenzao walirahisisha kazi hiyo mpaka ikaweza kufanywa katika maabara yoyote ya chuo. Asidi ya propioniki, yenye harufu kali ya mafuta yaliyochacha, huchemshwa kwenye chupa iliyo wazi kwa hewa, mvuke wake ukipozwa na kudondoka tena ndani. Benzaldehaidi na piroli humiminwa kwa moli zilizo sawa. Ndani ya dakika chache mchanganyiko hugeuka mweusi kama lami, na mtu asiyejua angedhani kazi imeharibika. Baada ya nusu saa moto huzimwa, chupa huachwa ipoe, na lami hupitishwa kwenye karatasi ya chujio. Juu ya karatasi hubaki fuwele za zambarau zinazong'aa, ambazo huoshwa kwa methanoli mpaka methanoli itoke bila rangi. Mavuno ni karibu moja ya tano ya kinachotarajiwa kwa hesabu. Mengine yote ni lami. Fuwele hizo zikichemshwa pamoja na chumvi ya kobalti, chuma, nikeli au zinki, metali huingia kwenye tundu.

Zao hili, lenye pete nne za benzini kwenye viungo, lina faida kubwa kwa mwanakemia wa umeme. Kila pete ya benzini ni mkono unaoweza kutundikwa kitu: kundi la amino, la haidroksili, la salfoneti, au pete ya piridini ikachukua nafasi ya benzini. Kwa mikono hiyo porfirini huweza kuyeyushwa kwenye maji, kufungwa kwenye elektrodi, au kuunganishwa na porfirini mwenzake.

Elektroni huingia wapi

Porfirini ya metali ina milango miwili ya elektroni: pete na metali. Zinki, shaba na nikeli kwa kawaida hukaa kimya, na elektroni huchukuliwa kutoka kwenye pete au kuongezwa kwenye pete. Porfirini ya zinki yenye benzini nne hupoteza elektroni ya kwanza karibu na volti 0.8 na kupokea ya kwanza karibu na volti hasi 1.35, zikipimwa dhidi ya elektrodi ya kalomeli. Mwaka 1973 Jürgen-Hinrich Fuhrhop, Karl Kadish na Donald Davis walionyesha kwamba tofauti kati ya volteji hizo mbili za pete hukaa karibu na volti 2.25 kwa porfirini za metali nyingi. Kanuni hii humpa mtafiti kipimo cha haraka: volteji ikiangukia ndani ya pengo hilo, kuna sababu nzuri ya kushuku kwamba ni metali iliyobadilika, na pete imebaki kama ilivyokuwa.

Chuma, kobalti na manganizi ndizo metali zinazobadilika. Kobalti hupita kati ya hali ya chaji tatu, mbili na moja. Chuma hufanya vivyo hivyo, na katika volteji ya chini sana hufikia hali inayoandikwa kama sifuri. Kila hatua hubadilisha uhusiano wa metali na molekuli iliyo mbele yake. Kobalti yenye chaji mbili huweza kuishika oksijeni. Chuma katika hali ya sifuri huiendea kaboni dioksaidi. Kwa hiyo volteji inayowekwa kwenye waya huchagua hali ya metali, na hali ya metali huchagua kazi.

Makundi yanayotundikwa kwenye pete husogeza volteji hizo juu au chini. Kundi linalovuta elektroni huifanya metali iwe ngumu kuachia elektroni. Linalosukuma elektroni hufanya kinyume. Kwa miaka mingi José Zagal wa Chuo Kikuu cha Santiago, Chile, na wenzake walichora kasi ya kazi dhidi ya volteji ya metali kwa porfirini na jamaa zake, fthalosianini. Kwa kazi kadhaa mchoro ulitoka kama mlima: kasi hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka. Metali inayoishika molekuli kwa ulegevu haiwezi kuifanyia kazi, na inayoishika kwa nguvu kupita kiasi haiiachii. Kileleni ndipo metali hushika vya kutosha na kuachia kwa wakati.

Kuivika elektrodi

Kabla ya kuvikwa, elektrodi husafishwa. Kisahani cha kaboni ya kioo chenye kipenyo cha milimita 3 husuguliwa juu ya kitambaa chenye unga wa alumina uliolowanishwa, kwanza wa chembe kubwa, mwisho wa chembe za maikromita 0.05, kwa mwendo wa kuandika namba nane, mpaka uso wake uwe kama kioo cheusi. Alama ya kidole ni tabaka nene kuliko vazi lote litakalofuata.

Njia rahisi ya kuvika ni kuacha porfirini ijishike yenyewe. Tone la myeyusho wake huwekwa juu ya kaboni na kuachwa likauke. Pete bapa hulala juu ya grafiti, ambayo nayo ni tabaka la pete bapa, na hushikamana kwa nguvu ndogondogo zilizo nyingi. Grafiti iliyokatwa ili kingo za tabaka zitazame juu hushika vizuri zaidi. Vazi la namna hii ni la haraka, lakini huoshwa kidogo kidogo na myeyusho.

Njia ya pili ni kufunga kwa kifungo cha kemia. Uso wa kaboni hupewa makundi yanayoweza kuungana na amino ya porfirini, au dhahabu huvikwa nyuzi fupi zenye salfa ambazo ncha zake hushika metali iliyo katikati ya pete. Njia ya tatu ni kuigeuza porfirini iwe polima juu ya elektrodi yenyewe. Porfirini yenye amino, haidroksili au piroli mikononi huwekwa kwenye myeyusho, volteji huzungushwa kwenda na kurudi, na kila mzunguko huongeza tabaka jipya. Mwaka 1987 Armand Bettelheim na kundi la Murray walieleza njia hii kwa porfirini kadhaa. Unene wa utando husomwa moja kwa moja kwenye skrini, kwa kuwa kila mzunguko huacha mchoro mpana kidogo kuliko uliotangulia. Njia ya nne ni kuchanganya porfirini na unga wa kaboni na mafuta hadi uwe udongo laini, kisha kuujaza kwenye bomba dogo. Uso ukichakaa, hukwanguliwa na mpya hutokea.

Mara nyingi juu ya vazi huongezwa shela: utando mwembamba wa Nafion, polima yenye salfoneti zenye chaji hasi. Shela hii huzuia ioni hasi zisifike kwenye porfirini na kuruhusu molekuli zisizo na chaji kupita.

Kulisoma vazi

Chombo kikuu cha kulisoma vazi ni voltametria ya mzunguko. Volteji hupandishwa kwa kasi isiyobadilika hadi mahali fulani, kisha hurudishwa, na mkondo huchorwa dhidi yake. Molekuli inayoelea kwenye myeyusho hutoa vilele viwili, cha kwenda na cha kurudi, vikiachana kwa angalau milivolti 59 kwa elektroni moja katika nyuzi joto 25, kwa kuwa lazima isafiri hadi kwenye uso. Urefu wa kilele chake hukua kwa kipeuo cha pili cha kasi ya volteji. Molekuli iliyofungwa kwenye uso haina safari. Vilele vyake, katika hali bora, hukaa kimoja juu ya kingine, upana wa kila kimoja katikati ya urefu wake huwa karibu milivolti 91 kwa elektroni moja, na urefu hukua sambamba na kasi yenyewe. Kwa kubadilisha kasi mara tano au sita na kuchora mstari mmoja, mtafiti hujua kama porfirini imekaa kwenye elektrodi au imeelea.

Eneo lililo chini ya kilele ni chaji, na chaji ikigawanywa kwa namba ya Faraday, kulombu 96,485 kwa moli, hutoa idadi ya molekuli zilizo hai. Porfirini ikilala bapa huchukua takriban nanomita 1.5 kwa 1.5. Kwa kipimo hicho, sentimita mraba moja hubeba karibu moli 7 mara 10 kwa kipeo cha hasi 11, na kisahani cha milimita 3 hubeba vazi la tabaka moja lenye uzito wa takriban nanogramu 3.5 ikiwa ni porfirini ya kobalti yenye benzini nne. Gramu moja ingevika visahani zaidi ya milioni 280. Chaji ya vazi hilo ni nusu ya maikrokulombu tu, ila vyombo vya kawaida vya maabara huisoma bila shida. Chaji ikizidi hiyo mara ishirini, ni dalili kwamba tabaka ni nyingi. Ikipungua kila siku, vazi linavuka.

Oksijeni: elektroni mbili au nne

Oksijeni inaweza kupokea elektroni nne na kuwa maji, au elektroni mbili tu na kuishia kuwa haidrojeni peroksaidi. Njia ya kwanza hutoa nishati yote. Ya pili huacha nusu ya kazi, na hutoa kemikali inayounguza utando wa seli ya fueli na kichocheo chenyewe. Kuzitofautisha hutumika elektrodi inayozunguka yenye kisahani katikati na pete ya platini pembeni. Kisahani hubeba vazi. Mzunguko hutupa mazao yake nje kuelekea kwenye pete, na pete hutoa mkondo kila peroksaidi inapopita. Ikiwa pete imekaa kimya wakati kisahani kinafanya kazi, oksijeni imekwisha kuwa maji.

Mwaka 1964 Raymond Jasinski alitangaza kwamba fthalosianini ya kobalti huchochea kazi hii katika besi, na dunia ya seli za fueli ikaanza kuzitazama pete za nitrojeni nne kama mbadala wa platini. Porfirini rahisi za kobalti zilileta tatizo: juu ya grafiti zilitoa peroksaidi zaidi ya maji. Kobalti moja ilishika oksijeni kwa ncha moja, ikaipa elektroni mbili, kisha ikaiachia.

Jibu lilitoka kwa makundi mawili ya California. Kundi la James Collman huko Stanford lilijenga porfirini mbili za kobalti zinazotazamana kama kurasa mbili za kitabu kilichofungwa nusu, na kundi la Fred Anson huko Caltech likazijaribu kwenye grafiti. Taarifa ya mwaka 1980 ilionyesha kwamba pete mbili zilizounganishwa kwa madaraja ya atomu nne, kobalti zake zikiwa umbali wa takriban angstromu 4, huifanya oksijeni kuwa maji kwa elektroni nne ndani ya asidi. Madaraja yakirefushwa, peroksaidi ilirudi. Metali ilikuwa ile ile na pete ile ile. Kilichobadilika ni umbali wa jirani, na tofauti hiyo ilipimwa kwa sehemu za nanomita.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi la Anson lilifika kwenye elektroni nne kwa njia nyingine. Porfirini moja ya kobalti yenye piridini nne ilitundikwa vikundi vinne vya rutheni. Kobalti ilishika oksijeni, na rutheni zilizoizunguka zikawa hifadhi ya elektroni. Mwaka 2007 kundi la Collman lilijenga mfano wa kimeng'enya cha upumuaji wenye hemu, shaba na fenoli karibu nayo, na kuufunga juu ya dhahabu kwa nyuzi zinazopitisha elektroni polepole, kama zinavyopita kwenye chembe hai. Hata elektroni zikija kwa uchache, oksijeni iligeuka maji bila peroksaidi nyingi, kwa kuwa elektroni zilizohitajika zilikuwa tayari zimewekwa jirani.

Njia ya viwanda ikawa nyingine. Katika miaka ya 1970 iligunduliwa kwamba porfirini na fthalosianini zikichanganywa na unga wa kaboni na kuchomwa kwenye gesi isiyounguza, katika nyuzi joto mia kadhaa, hudumu zaidi katika asidi. Pete yenyewe huvunjika katika moto huo, lakini mahali pa metali na nitrojeni hubaki ndani ya kaboni. Vichocheo vya chuma, nitrojeni na kaboni vinavyoshindana na platini leo vimetokana na jaribio hilo. Kuhakiki kama chuma ndicho kinachofanya kazi, mara nyingine hutumika sianidi, sumu ile ile ambayo muhogo mchungu usiolowekwa vizuri huiacha, na ambayo huua kwa kukaba chuma cha hemu ya upumuaji. Mkondo ukishuka baada ya sianidi kuingia, chuma kimehusika.

Vihisio: kutoka seli moja hadi dawa ya malaria

Uwezo wa porfirini kuchagua molekuli ulijulikana sana mwaka 1992, Tadeusz Malinski na Ziad Taha wa Chuo Kikuu cha Oakland, Michigan, walipopima nitriki oksaidi ikitoka kwenye seli moja. Gesi hii hulegeza mishipa ya damu, lakini ndani ya mwili huishi sekunde chache tu. Walichonga uzi wa kaboni hadi ncha ya takriban nusu ya maikromita, wakaivika polima ya porfirini ya nikeli, kisha shela ya Nafion. Ioni hasi kama nitriti na askobeti, zinazojaa kwenye tishu na kuoksidishwa karibu na volteji ile ile, zilirudishwa na shela. Gesi isiyo na chaji ilipita, ikaoksidishwa juu ya porfirini karibu na volti 0.65, na kihisio kikajibu ndani ya takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Ni kiasi gani nikeli yenyewe inachangia, na ni kiasi gani utando wote, lilikuwa jambo la mjadala mrefu. Bila shaka yoyote, shela ilikuwa nusu ya ushindi.

Mfano wa pili unahusu dawa inayojulikana katika kila zahanati ya Afrika Mashariki. Artemisinini, msingi wa dawa mseto za malaria, hutokana na mmea wa artemisia na ina daraja la oksijeni mbili, yaani peroksaidi iliyofichwa ndani ya molekuli. Kwenye elektrodi tupu daraja hilo huvunjika katika volteji hasi sana. Hemini ikiwepo, chuma chake hupokea elektroni mapema, hulivunja daraja, na kurudi kupokea nyingine, hivyo mkondo huonekana katika volteji isiyo hasi kiasi hicho. Jambo linalofanana hutokea mwilini: vimelea vya malaria vinapomeng'enya hemoglobini huachia hemu yenye chuma, na hemu hiyo huiamsha dawa dhidi ya vimelea vyenyewe. Elektrodi yenye hemini hivyo ni kipimo cha dawa na pia kielelezo kidogo cha namna inavyofanya kazi.

Katika Afrika, maabara inayojulikana sana katika uwanja wa fthalosianini ni ya Tebello Nyokong, mzaliwa wa Lesotho, katika Chuo Kikuu cha Rhodes huko Makhanda, Afrika Kusini. Alipewa Tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya wanawake katika sayansi mwaka 2009. Kundi lake limevika elektrodi fthalosianini za metali mbalimbali kwa ajili ya kupima vitu kama sisteini, ambayo ni asidi ya amino yenye salfa, na dawa za kuulia magugu. Kwa kazi za namna hiyo kobalti huonekana tena na tena. Sehemu kubwa ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika ukanda wa Kolwezi na Likasi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na huko hutafutwa kwa ajili ya betri. Kihisio kinahitaji nanogramu zake tu.

Kaboni dioksaidi

Kuigeuza kaboni dioksaidi kuwa kaboni monoksaidi kunahitaji elektroni mbili na protoni mbili, kwa wakati unaofaa. Monoksaidi ni sumu ndani ya chumba chenye jiko la mkaa, lakini kiwandani ni malighafi ya mafuta na kemikali. Kundi la Jean-Michel Savéant huko Paris lilifanyia kazi porfirini ya chuma kwa miaka mingi. Mwaka 2012 lilitangaza porfirini yenye haidroksili nane za fenoli zilizopangwa juu na chini ya pete, karibu na chuma. Haidroksili hizo hukabidhi protoni papo hapo chuma kinapoishika kaboni dioksaidi. Ikiwa imeyeyushwa, porfirini hiyo ilitoa monoksaidi kwa zaidi ya asilimia 90 ya mkondo, na kila molekuli iliyo karibu na elektrodi ilihesabiwa kufanya kazi mara milioni 50 katika saa nne.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuitoa kazi hii kwenye myeyusho na kuiweka juu ya uso. Mwaka 2015 makundi ya Omar Yaghi na Christopher Chang huko Berkeley yaliunganisha porfirini za kobalti kuwa fremu yenye vinyweleo vilivyopangika, yakaiweka juu ya kitambaa cha kaboni, na kuitumbukiza kwenye myeyusho wa maji usio asidi wala besi. Asilimia 90 ya mkondo ilienda kwenye monoksaidi, na hesabu ya kazi kwa kila kobalti ilifika 290,000. Takwimu hiyo hugawanywa kwa kobalti zinazogusa umeme na myeyusho tu. Kobalti zilizozama ndani ya fremu hazihesabiwi, na hapo ndipo ulipo udhaifu wa tando nene: kuongeza porfirini hakuongezi kazi ikiwa nyingi ya hizo hazifikiwi na elektroni au hazifikiwi na gesi.

Uchakavu

Vazi la porfirini hufa kwa njia tatu zinazojulikana vizuri. Ya kwanza, asidi kali hung'oa metali na kuweka protoni mahali pake. Rangi hubadilika na kazi hukoma. Ya pili, peroksaidi hushambulia viungo vya pete na kuifungua, ndiyo sababu njia ya elektroni mbili huharibu kichocheo na pia kupoteza nishati. Ya tatu, porfirini mbili za chuma hukutana na kufungana kwa oksijeni iliyo katikati, kila moja ikiziba mlango wa mwenzake. Mwaka 1975 kundi la Collman lilizuia hilo kwa kutundika vigingi vinne upande mmoja wa pete, kama uzio unaoruhusu oksijeni kuingia na kuizuia porfirini nyingine. Protini ya hemoglobini hufanya kazi hiyo kwa kuifungia kila hemu katika kijumba chake. Utando wa polima na fremu zenye vinyweleo hufanya hivyo hivyo kwa kuipa kila pete mahali pake pa kudumu.

Damu ina faida moja ambayo elektrodi haina. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120, kisha hemu yake huvunjwa, chuma chake huokolewa, na uboho hutengeneza nyingine. Elektrodi haina uboho. Vazi lake hukwanguliwa na kuvikwa upya, au huchapwa kwenye kipande cha kutumika mara moja na kutupwa, au huchomwa kuwa kaboni yenye nitrojeni ili lidumu zaidi kwa gharama ya kupoteza umbo lake. Kila mtafiti huchagua mojawapo kulingana na kazi: kihisio hustahimili kutupwa, seli ya fueli haistahimili.